Vibati Vinane vya Kushoto

Asubuhi ambayo wageni walikuwa wanakuja, Dalenda alifika karakanani kabla ya wenzake, akaizunguka antena ya rada mpaka nyuma yake, akaona haya kana kwamba ni yeye aliyeachwa bila nguo.

Mbele haikuwa na neno. Vibati kumi na sita vya shaba, vya mraba, vilikuwa vimepangwa mstari mmoja kwenye ubao mrefu mweupe, vinang'aa. Tatizo lilikuwa mgongoni. Kila kibati kilikuwa na tundu la waya karibu na ukingo wake mmoja, na kando ya tundu doa la rangi nyekundu. Madoa yote yalikuwa upande wa kushoto, kama Injinia Naziha alivyoagiza. Basi nyaya zilizotoka kwenye kigawanyo cha mawimbi kilicho katikati kwenda kulia zilifika bila shida, kila moja ikakuta tundu lake linaisubiri. Zilizokwenda kushoto zilikuta matundu yamezipa kisogo. Ikabidi zipande, zizunguke, zipishane, mpaka upande ule ukawa kama nywele za mtu aliyetoka kulala.

Na nyaya zile alizifunga yeye. Mgeni akiuliza, jina litakalotajwa ni lake.

Kabla ya kuja hapa Dalenda alikuwa akishona shanga kwenye nguo za maharusi, nyumbani kwao, mtaa wa nyuma ya soko la samaki la Sfax. Shule aliiacha darasa la tano, mama yake alipougua. Mama alipopona, wenzake walikuwa wameshasonga mbele, naye aliona haya kukaa dawati moja na watoto wadogo. Akabaki na sindano. Naziha alikutana naye kwenye harusi ya binamu, akauliza ni nani aliyeshona kifua cha nguo ile. Alipoonyeshwa, aliushika mkono wa Dalenda akaugeuza huku na huku, kama mtu anayechagua samaki.

"Mkono huu hautetemeki," alisema. "Njoo unilehemie nyaya."

Shedli, fundi wa mitambo, alipouliza kama karakana imeishiwa na watu wenye vyeti mpaka inaokota washona nguo, Naziha alimjibu mbele ya kila mtu: "Jina langu naliweka kwenye mkono wa huyu. Akiharibu, nimeharibu mimi."

Maneno hayo Dalenda hakuyasahau. Na leo alikuwa anakuja Profesa Tijani, aliyemfundisha Naziha chuoni Tunis, pamoja na Bwana Lamjed wa bandari ya vivuko. Wakiridhika, antena hii ingepandishwa juu ya mnara wa bandari, ionyeshe vivuko na mashua wakati wa ukungu. Wasiporidhika, bandari ingenunua rada ya ng'ambo, na Naziha, aliyeacha kazi nzuri ili ajenge zake mwenyewe, angerudi kuomba nafasi kwa walewale waliomcheka alipoondoka.

Dalenda aliutazama tena upande wa kushoto. Wageni watazunguka nyuma. Wageni hawakosi kuzunguka nyuma. Ndiyo maana nyumbani, siku ya ugeni, mama yake hupaka chokaa hata ukuta wa chooni.

Kibati ni mraba. Ukikigeuza juu chini kinabaki mraba uleule, shaba ileile. Kwenye nguo ya bibi harusi ua la kulia na ua la kushoto hutazamana. Moja likitazama pembeni, nguo hiyo ni mbovu, hata akiivaa mrembo wa namna gani. Kumpigia Injinia simu alfajiri kwa jambo dogo la urembo aliona haya. Akachukua bisibisi. Akavifungua vibati vinane vya kushoto, akavigeuza, akavifunga tena. Sasa matundu yote yalitazama katikati. Nyaya akazilaza pande zote mbili kwa mikunjo inayofanana, akazifunga kwa uzi mweupe uliotiwa nta. Alipomaliza alirudi nyuma hatua chache, akatabasamu peke yake.

Naziha aliingia na simu sikioni. Alipita upande wa mbele tu, akaupapasa ubao kama mtu anavyompapasa farasi wake, akamwambia Dalenda akapange keki za lozi kwenye sinia. Wiki iliyopita alikuwa ameipima antena ile mwenyewe, ikafanya kazi vizuri. Hakuona sababu ya kuipima tena.

*

Waliitoa antena nje, uani, wakaiweka juu ya kigari chake, uso ukitazama mashamba ya chumvi. Huko hakuna nyumba wala mti, ni maji ya kina kifupi, matuta meupe na ndege heroe wamesimama mguu mmoja. Mahali pazuri pa kupimia rada, maana hakuna kitu kingine cha kurudisha mawimbi.

Bwana Lamjed alikuwa mtu wa tumbo na utani. "Injinia, ile ya ng'ambo nasikia inakuja na kahawa yake," alisema kabla hata ya kukaa.

"Yangu inakuja na keki," Naziha akajibu.

"Haya, tumeanza sawa."

Profesa Tijani hakukaa. Mzee yule alikwenda moja kwa moja nyuma ya antena, kama Dalenda alivyojua atakwenda, akapiga goti moja chini, akavaa miwani. Alikaa hapo muda.

"Naziha! Nani kafunga hizi?"

Naziha akageuka kutazama mlango wa karakana. Dalenda alikuwa amesimama ndani na sinia mkononi, na Shedli nyuma yake. "Nenda basi," Shedli akamnong'oneza. "Utaota mizizi hapo mlangoni."

"Ni huyu hapa, mwalimu," Naziha alisema. "Dalenda."

"Binti yangu, wanafunzi wangu walikuwa wakiniletea migongo ya antena kama kiota cha ndege. Hii ni nguo ya harusi hii."

Bwana Lamjed naye akaja, akapiga picha kwa simu yake. Dalenda alitazama viatu vyake. Masikio yalimuwaka. Naziha alimwekea mkono begani, akauacha hapo, na kwa muda mfupi ule Dalenda alitamani mama yake angekuwepo amwone.

*

Kazi ya kutembea na pembe ilikuwa yake siku zote. Pembe yenyewe ni mabati matatu yaliyounganishwa kama kona ya chumba, juu ya mti mrefu. Wimbi likiingia humo linarudi kulekule lilikotoka, na kwenye skrini linaonekana kama nukta. Dalenda aliipenda kazi hiyo kwa sababu huko mbali hakuna anayekuuliza kitu. Una redio kol yako tu, na ukiambiwa nenda unakwenda.

Alianza upande wa kulia, akatembea juu ya tuta lililokatiza mbele ya antena.

"Tunakuona," sauti ya Shedli ikasema redioni. "Nukta nene kweli, tofauti na mwenyewe. Endelea kushoto."

Akaendelea. Mbele yake kulikuwa na kijiti cheupe, alama ya katikati kabisa. Kwenye bandari, hapo ndipo kivuko kingepita kikiingia.

"We Dalenda, mbona umelala?"

"Sijalala, kaka Shedli."

"Inua pembe."

"Nimeinua."

"Sasa umekwenda wapi? Umetoroshwa na mchimba chumvi?"

Nyuma ya sauti yake watu walicheka. Kisha kicheko kikakatika, na redio ikashikwa na Naziha. "Mdogo wangu, uko wapi?"

"Kwenye kijiti cheupe, Injinia."

Heroe mmoja akashusha mguu, akainua mwingine.

"Hatukuoni," Naziha alisema. "Sogea kushoto kidogo."

Alisogea.

"Huyo. Sasa rudi."

Alirudi kwenye kijiti, na kwenye skrini akapotea tena. Alikwenda kulia, akaonekana. Katikati, hakuna kitu. Kwa mbali, redioni, Bwana Lamjed alikuwa anasema: "Yaani kivuko kikija kwa adabu, katikati ya mlango wa bandari, hakionekani. Kikija kwa wizi, pembeni, kinaonekana. Hiyo wauzieni polisi."

"Ikite pembe hapohapo," Naziha alisema, "halafu urudi."

*

Dalenda alipofika uani hakuna aliyekuwa anakula. Naziha alikuwa ameinama juu ya skrini. Shingo yake ilikuwa imegeuka nyekundu.

"Chumvi labda," Shedli alisema. "Imeingia kwenye viungio."

"Chumvi haichagui katikati." Naziha alitazama huku na huku, akaiona foili iliyofunika keki. Akaivuta, akaikunjua, akaufunika nayo upande mmoja wa antena, vibati vinane. Kwenye skrini nukta ikatokea, hafifu kidogo, lakini palepale kwenye kijiti. Akaihamisha foili upande wa pili. Nukta ikatokea tena. Akaiondoa kabisa. Nukta ikafa.

"Kila nusu peke yake ni nzima," alisema taratibu. "Zikiwa pamoja zinauana."

"Ndoa hiyo," Bwana Lamjed akasema.

Profesa Tijani alikuwa ameshavua miwani, anaifuta.

"Ni watu wawili wanaosukuma bembea moja," Naziha aliendelea, na alikuwa kama anajisemea. "Mmoja anasukuma huku, mwenzake anasukuma kule, kwa wakati uleule. Bembea itakwenda wapi? Nusu moja imegeuzwa. Wimbi lake linashuka wakati la mwenzake linapanda."

Akaenda nyuma ya antena. Wageni walibaki mbele. Dalenda tu, aliyekuwa kando ya meza ya chai, ndiye aliyeweza kumwona. Alimwona akiinama, akipitisha kidole kwenye madoa mekundu ya kulia, moja baada ya jingine, mpaka katikati. Kidole kikavuka kwenda kushoto, kikakuta doa mahali lisipotakiwa kuwa. Kikasimama.

Dalenda alielewa wakati huohuo. Hakuelewa bembea wala wimbi. Alielewa kidole kile kilivyosimama.

Naziha aliinua macho. Wakatazamana. Dalenda alisubiri akaripiwe, na angekaripiwa angeshukuru. Lakini Naziha aliyashusha macho yake kama mtu aliyemkuta mwenzake anaoga, akatoka mbele kwa wageni.

"Kosa ni langu," alisema. "Nilichora nusu moja, nikaigeuza kupata ya pili. Mchoro wangu ndio mbovu."

Profesa Tijani alimtazama sana. "Naziha. Swali hilo nilikuwa nalitoa kwenye mtihani wa mwaka wa pili."

"Ndiyo, mwalimu."

"Na ulilipata."

"Nililipata. Leo nimelikosa."

Mzee akageuka pembeni, akatazama chumvi. Ingekuwa nafuu angefoka. Bwana Lamjed alijipigapiga mapaja, akasimama. "Mimi mawimbi siyajui, Injinia. Mimi najua watu wanaopanda kivuko. Wakubwa wakiniuliza niseme nini? Kwamba mwenye rada kasahau somo la mwaka wa pili?"

"Sema hivyo," Naziha alisema.

Dalenda alishika sinia ili aanze kugawa chai, na glasi zikaanza kugongana. Mkono usiotetemeka. Alijaribu kuushika kwa mkono wa pili. "Injinia," alisema, na sauti haikuvuka meno.

"Mimina chai," Naziha alimwambia bila kumtazama. "Halafu kailete ile pembe."

*

Njiani kwenda kwenye tuta alijaribu kuyapanga maneno, akayaacha, akayapanga upya. Kila alipofika kwenye neno "mimi" aliwaona wote wakimgeukia kwa pamoja, Bwana Lamjed na miwani yake ya jua, Shedli na mdomo wake, na mzee aliyepiga goti kutazama kazi yake. Shuleni mwalimu alipomwita ubaoni ilikuwa hivihivi. Miguu ilikwenda lakini sauti ilibaki kwenye dawati.

Na gari la wageni lilikuwa limeshawashwa, alilisikia.

Alifika kwenye kijiti cheupe. Aliushika mti wa pembe, akageuka kuitazama karakana, ndogo kama kiberiti. Hapa aliposimama hata rada haimwoni. Akaitoa redio mfukoni.

"Kaka Shedli."

"Sema."

"Redio iko wapi?"

"Mezani. Vipi, umezama?"

"Wote wanasikia?"

"Mpaka keki zinasikia. Una nini wewe?"

Akabonyeza kitufe. Alijua kwamba kikiwa kimebonyezwa yeye tu ndiye anayesema, na hakuna anayeweza kumjibu. Alikibonyeza mpaka ukucha ukawa mweupe.

"Mchoro wa Injinia hauna kosa," alisema. "Aliniambia madoa yote kushoto, nami niliyaweka kushoto. Leo asubuhi nimevigeuza vibati vinane. Ni mimi. Nyaya zilikaa vibaya, na wageni mlikuwa mnakuja. Nilitaka zipendeze. Yeye hakujua. Sikuuliza kwa sababu... mimi huwa siulizi. Niliacha darasa la tano, watu wakiongea sana mimi natikisa kichwa tu. Yeye swali lake la mwaka wa pili analijua."

Maneno yakaisha. Kitufe hakukiachia. Alisimama nacho hivyo, upepo ukipita kwenye redio, kwa sababu akikiachia watajibu. Mwishowe kidole chenyewe kikachoka.

"...la tano!" Bwana Lamjed alikuwa anasema. "Nyaya za bandari! Watu mia wamo ndani ya kivuko, na nyaya zimefungwa na msichana wa darasa la tano! Hilo, Injinia, ulikuwa unalificha?"

"Lamjed." Ilikuwa sauti ya mzee. "Mimi nilipiga goti pale. Nimeyatazama mafundo yake mpaka goti likauma, na madoa nilikuwa nayo mbele ya pua. Mimi darasa langu la ngapi? Mwambie dereva azime gari."

"Mwalimu, nina kikao."

"Azime gari."

Kisha Naziha, karibu sana na redio, kwa sauti ndogo: "Dalenda. Pembe iache. Rudi."

*

Walivifungua vibati pamoja, Naziha upande huu na Dalenda upande ule, kila mmoja na bisibisi yake. Bwana Lamjed alikuwa mezani anakula keki kwa hasira. Profesa alikaa naye asije akaondoka.

"Umenifanya mwongo mbele ya mwalimu wangu," Naziha alisema. Hakuinua kichwa.

Dalenda aligeuza kibati. Hilo hakuwa amelifikiria. Alifikiri anamvua Injinia aibu moja; kumbe amemvisha nyingine, na hii ilikuwa ya Injinia mwenyewe kweli.

"Nilidhani..."

"Najua ulichodhani. Leo mara mbili umenitengenezea kitu bila kuniuliza." Akakaza skrubu. "Mimi nami nilipaswa kukuuliza kwanza kabla ya kukusemea. Nilikutazama nikaona utakufa palepale."

"Ningependa kufa, Injinia."

"Halafu nani atalehemu? Shedli? Nipe ile skrubu."

Shedli, aliyekuwa ameshika taa pasipokuwa na haja ya taa, alisema, "Mimi nipo hapa, nasikia."

"Sikia tu."

Dalenda alikigeuza kibati cha mwisho. Nyaya za kushoto zikapanda, zikazunguka, zikapishana. Mkono wake ukaenda wenyewe kuzilaza vizuri, akaurudisha. Ule uzi mweupe wa nta ulikuwa umelala chini kwenye vumbi, vipande vipande.

"Nani anatembea?" Shedli akauliza. "Niende mimi, huyu mumwache apumzike."

"Aende yeye," Naziha alisema.

Akaenda. Aliing'oa pembe kwenye kijiti, akaanza tena kulia, mti mabegani, redio mfukoni. Safari hii hakuna aliyemtania. "Tunakuona," Shedli alisema. Baadaye kidogo: "Tunakuona." Kijiti kikakaribia. Dalenda alipunguza mwendo, ingawa hakuambiwa.

Akafika.

"Tunakuona," Shedli alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Dalenda, hapo katikati. Tunakuona kama mchana."

Redio ikanyang'anywa. "Hapa ni Lamjed. Sogea. Mh. Rudi. Simama hapo usitikisike mpaka niseme."

Alisimama. Sasa hapakuwa na pa kujificha tena. Aliwaona watu wadogo wamejipanga mbele ya skrini, na alijua wote wanaitazama ile nukta, na nukta ni yeye, msichana wa darasa la tano, katikati ya mlango. Machozi yalimshuka. Mikono yote miwili ilikuwa juu, imeshika mti, na akijifuta pembe itacheza. Akayaacha yashuke mpaka kidevuni.

Kitufe cha upande wa pili kilikuwa kimebaki kimebonyezwa, akawasikia.

"Nitaandika imeona," Bwana Lamjed alikuwa anasema. "Lakini nitaandika pia kwamba kila anachofunga yule binti kikaguliwe na mtu mwenye cheti. Na nitaandika kwa nini."

"Andika," Naziha alisema.

"Na jina lake?"

Dalenda aliubana mti.

"Muulize mwenyewe," Naziha alisema. "Anasikia."

Redio ikakwaruza. "Binti," Bwana Lamjed alisema, bila utani sasa. "Jina lako niandike?"

Heroe walikuwa wameanza kuruka, mmoja mmoja, kuelekea baharini. Alitaka kutikisa kichwa, kisha akakumbuka kwamba skrini haionyeshi kichwa. Akauegemeza mti begani, akaishika redio, akabonyeza kitufe.

"Andika," alisema.

"Haya. Umechoka?"

"Hapana."

"Dalenda," Naziha akaingilia.

"Nimechoka, Injinia."

"Simama kidogo tena. Mwalimu anataka kuona."

Akasimama.